Uchumi wa biashara kwenye chuo cha serikali: niende, au nigeuze njia mapema?

Binti wa Sofia, Busia

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirukia.

Nimemaliza Senior Six, mchepuo wa MEG (hesabu, uchumi, jiografia). Uchumi nimepata B, hesabu C, jiografia C, General Paper na ICT zote nimepita. Tangu matokeo yatoke nyumbani hakukaliki. Mjomba wangu ni wakala wa forodha hapa mpakani, yeye anasema uchumi wa biashara, tena chuo cha serikali, basi. Mama anataka nikawe mwalimu wa hesabu, kwa sababu tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa milioni nne kwa mwezi, na hesabu imo humo. Baba mdogo hataki kusikia lolote: "Uchumi ni maneno matupu, utazunguka Kampala na bahasha mpaka viatu viishe."

Mimi kinachonivuta ni hiki. Likizo hii namsaidia mjomba makaratasi. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa zake zimo kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, anapewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani na anavuka bila ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja kipo, kilizinduliwa 2018, maofisa wa Uganda na Kenya wanakaa jengo moja. Bado kila alfajiri naona akina mama na magunia mawili ya mahindi juu ya baiskeli wanakata kona kwenye njia za panya. Wanalipa vijana wa kuwavusha, na wengine mzigo unaishia kwenye mvua au mikononi mwa askari. Mtu anaacha njia ya bure anakwenda kulipia njia ya hatari! Nikimuuliza mjomba ananijibu "ni woga tu". Jibu hilo halinitoshi.

Je, hii kozi inafundisha kujibu swali la namna hiyo, au ni biashara ya kawaida iliyopakwa rangi? Na kazi ipo?

Kondakta Msomi, Malaba

Soma dada, ukimaliza uje tupakie abiria pamoja, nafasi ya mlangoni ipo. Natania. Nakaa hapa nasubiri wenye majibu, nina mdogo wangu ana mchepuo huo huo.

Karani wa Takwimu, Kampala

Mleta uzi, mimi nimesoma uchumi na mkate wangu unatoka kwenye data za tafiti za kaya, kwa hiyo nisome ukijua ninapoegemea.

Swali lako la njia za panya ni la uchumi wa biashara kabisa. Gharama ya kuvuka si ushuru peke yake. Kuna muda wa kusimama huku gunia linasubiri. Kuna kutojua karatasi inasema nini. Kuna hofu kwamba nikiandikwa jina kwenye kitabu cha serikali leo, kesho watakuja kuniuliza kodi nyingine. Jumlisha zote, unaweza kukuta njia ya bure ni ghali kuliko yule kijana wa baiskeli. Woga anaousema mjomba una bei yake, ila mtu wa uchumi hatakiwi kuutaja tu akanyamaza, anatakiwa aupime.

Mfano mwingine tuliouonja wote. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu: ukiweka unakatwa, ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa. Mwaka haukuisha, ikashushwa hadi asilimia 0.5 na ikabaki kwenye kutoa tu. Kwa mzazi anayetuma ada mara moja kwa muhula, asilimia 1 ni kero ndogo. Kwa mama anayezungusha mtaji ule ule mara nne kwa wiki, ni kukatwa mara nne kwa wiki kwenye pesa ile ile, na faida yake yenyewe ilikuwa nyembamba. Huyo anarudi kwenye noti mfukoni. Darasani utafundishwa kukadiria ni watu wangapi watakimbia bei ikipanda kiasi fulani, kabla hujaipandisha. Benki inataka mtu huyo, kampuni ya simu inamtaka, na mamlaka ya mapato, URA, pia.

Sasa kuhusu kozi yenyewe. Jina la kozi lisikushughulishe. Nenda kaombe orodha ya masomo ya mihula yote sita, kaa chini na kalamu. Tafuta hesabu za wachumi, takwimu, na ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa data. Ukizikuta kila mwaka, na mwaka wa tatu kuna utafiti wa kuandika mwenyewe kwa data, hiyo ni uchumi. Ukikuta takwimu muhula mmoja tu, halafu masoko, usimamizi wa rasilimali watu, ujasiriamali na mawasiliano ya biashara zimejaza nafasi iliyobaki, jua unasoma usimamizi wa biashara kwa jina zuri. Si dhambi. Ila ujue unanunua nini.

Na C ya hesabu usiidharau wala usiitegemee. Mwaka wa kwanza kuna kalkulasi na matriki, na darasa huanza kupungua hapo hapo.

Mhasibu wa Nakawa

Karani anaongea kama mtu ambaye kazi alishapata. Tumrudishe binti duniani.

Uganda hii waajiri wengi ni wadogo. Ni duka la jumla Kikuubo, ni sacco, ni shule binafsi, ni shirika lenye watu wanane. Nani kati yao anaajiri mchumi? Wanatafuta mtu wa kufunga vitabu, kuwasilisha ritani za URA, kujua VAT ya asilimia 18 inaingia wapi na ile kodi ya zuio ya asilimia 6 inakatwa lini. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki. Waliopata kazi baada ya pale ni wanaojua kumkalisha mwenye duka, wakamwingizia stoku yake kwenye mfumo, wakamwonyesha inavyokwenda. Hakuna aliyeuliza ekonometria.

Ushauri wangu: B.Com, ile shahada ya biashara, upande wa uhasibu, na uanze CPA, mitihani ya uhasibu ya ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda, ukiwa bado chuoni. Ukiwa na prinsipali mbili, yaani masomo makuu mawili uliyofaulu Senior Six, tayari unaruhusiwa kujiandikisha. Ukimaliza shahada una vitu viwili mkononi. Uchumi wa biashara unakuweka katikati: mhasibu anasema wewe si mhasibu, mchumi anasema wewe si mchumi.

Karani wa Takwimu, Kampala

Hapo kwenye katikati tunakubaliana nusu. Anayemaliza uchumi wa biashara bila kuegemea popote anapata shida, nimewaona. Lakini aliyeegemea anafaidi kuliko hata mimi. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa sijui kusoma mizania ya kampuni, nikafundishwa na mtu wa diploma. Mwenye uchumi wa biashara anasoma mizania, halafu anakuambia riba ya Benki Kuu ikipanda mizania hiyo itaonekanaje mwakani. Idara ya mikopo ya benki inahitaji kichwa hicho hasa. Aamue tu mapema, mwisho wa mwaka wa kwanza, mguu wa pili anauweka wapi: kwenye CPA au kwenye data. Kungoja mwaka wa tatu ni kuchelewa.

Halafu Mhasibu, unasahau serikali. Wilaya ina mpangaji, wizara zina maofisa uchumi, UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, wana watu wao.

Mhasibu wa Nakawa

Sijasahau. Lakini soma matangazo ya kazi za serikali yanavyoandikwa: "shahada ya uchumi, uchumi wa kiidadi, takwimu..." Wanataja majina. Kama jina la shahada yako halimo, unabaki kuomba Mungu kwamba mwisho wa sentensi kuna "au inayolingana nayo". Wewe umemwambia binti jina lisimshughulishe. Kwenye meza ya tume ya utumishi jina ndilo linalosomwa kwanza.

Karani wa Takwimu, Kampala

Hiyo nimeipokea. Binti, ongeza kwenye kazi yako: tafuta matangazo ya zamani ya kazi unazozitamani, uone majina ya shahada yaliyotajwa.

Mzee wa Bombo

Wanangu mnabishana juu ya kazi, na binti bado hajaingia chuo. Tuanze na mlango.

Mimi nimepeleka watoto, hizi hesabu nimezipiga mezani usiku. Prinsipali A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Somo la lazima kwa kozi linazidishwa mara tatu, linalohusiana mara mbili, hizo ndogo kama General Paper na ICT zinabaki moja moja. Tuchukulie kozi imeweka uchumi na hesabu kuwa za lazima, jiografia inayohusiana. Uchumi 5 mara 3 ni 15. Hesabu 4 mara 3 ni 12. Jiografia 4 mara 2 ni 8. Ongeza 2 za masomo madogo, tunafika 37. Halafu UCE, ule mtihani wa Senior Four, nayo inahesabiwa: kila distinksheni 0.3, kila kredit 0.2, kila pasi 0.1. Na kwa kuwa wewe ni msichana, kuna ile nyongeza ya 1.5, utaratibu ulioanza 1990, ila kaulize kama chuo na kozi unayoitaka bado wanaitoa. Wenye wavulana nyumbani wasikasirike.

Lakini uangalie: kozi nyingine ikiweka hesabu na jiografia kuwa za lazima, uchumi ukabaki unaohusiana, pointi zako zinabadilika bila wewe kubadilika. Ndiyo maana usijaze fomu kwa kusikia tu. Waraka wa vigezo hutoka kila mwaka, uusome kozi kwa kozi.

Ufadhili wa serikali ni nafasi zipatazo 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, robo hivi kwa mgao wa wilaya, nyingine kwa ushindani wa taifa, na sehemu kubwa inakwenda sayansi. Upande wa biashara nafasi ni chache na wanaozigombea wana A. Mkopo wa serikali wa elimu ya juu nao, tangu sheria ya 2014, umeelekezwa zaidi sayansi na teknolojia. Kwa hiyo piga hesabu kama mtu atakayejilipia. Ufadhili ukija, tutachinja.

Binti wa Sofia, Busia

Asante sana Mzee. UCE nilikuwa na distinksheni 4 na kredit 5, kwa hiyo ni 1.2 na 1.0. Nikijumlisha na 37 na ile 1.5 napata 40.7, kama kozi imeweka masomo hivyo ulivyosema na ile 1.5 ipo. Mjomba amesoma hapa juu ya bega langu, anasema akapige ripoti kwa mama.

Mwalimu wa Zamu, Tororo

Namtetea mama, kwa sababu hakuna aliyemtetea.

Mimi nafundisha, na si sayansi. Juni 2022 sisi wa masomo ya sanaa tuligoma kwa sababu ya mshahara ule ule anaouzungumza. Tulirudi darasani bila nyongeza. Chumba cha walimu meza ni moja, kazi ni moja, mmoja anachukua milioni nne na mwingine hafiki nusu yake. Kwa hiyo mama yako anachokiona ni kweli tupu, na mwalimu wa hesabu hakai mtaani, kila shule inamtafuta.

Ila sikiliza na upande wa pili. Milioni nne ni ya aliyeingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Shule binafsi inakulipa inavyotaka. Na mwalimu wa sekondari anafundisha masomo mawili, kwa hiyo hesabu utaiunganisha na nini? Kama umechukua MEG, fizikia huna. Hesabu na uchumi vyuo vingine wanakubali, vingine hapana. Kaulize kabla mama hajanunua chaki.

Na kama hupendi kusimama mbele ya watoto tisini, pesa haitakusaidia. Nimesema.

Nyota ya Arua

Watu wa Kampala hapa mmezungumza kama gharama pekee ni ada. Ada ni nusu. Kuna hizo ada nyingine za usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, halafu kuna kuishi. Chumba cha hosteli Kikoni au Banda, maji, umeme, kopi za noti kila wiki, boda ukichelewa mtihani. Unaweza kula kikomando, chapati na maharage, asubuhi na jioni na bado pesa ikaisha katikati ya muhula.

Mimi nilisomea hapa hapa nyumbani, tawi la Arua la MUBS, shule ya biashara ya Makerere. Nyinyi wa mashariki mna tawi la Mbale, na Busitema wana kitivo cha usimamizi Pallisa. Kozi zinazotolewa matawini ni chache, kwa hiyo kaulize kama unayoitaka ipo. Lakini kama ipo, ukalala kwa shangazi, ukala ugali wa nyumbani, ile pesa ya hosteli inakulipia CPA ngazi kwa ngazi. Shahada za MUBS ni za Makerere vile vile, uwe umekaa Nakawa au Arua.

Neno moja la vyuo vya serikali kwa ujumla, sitaji chuo: tunza kila karatasi. Nina rafiki aliyefika mwaka wa tatu akakuta alama za somo la mwaka wa kwanza hazionekani kwenye mfumo. Mhadhiri kashahama. Kilichomwokoa ni daftari la majaribio ya darasani alilokuwa kalihifadhi kwenye sanduku na risiti ya benki ya muhula ule. Wenzake wawili hawakuwa nazo, wakarudia somo huku wengine wanavaa joho.

Kondakta Msomi, Malaba

Hili la alama kupotea ni kweli, nimelisikia kwenye gari mara nyingi kuliko habari za mpira.

Jirani wa Ng'ambo, Busia Kenya

Nimevuka kidogo tu, msinitoze. Kabla ya kulipa chochote, ingia kwenye orodha ya NCHE, baraza la elimu ya juu la Uganda, uone kama kozi ina ithibati iliyo hai. Mwaka 2023 kulikuwa na kelele kubwa Uganda, programu nyingi zilionekana kwenye orodha kuwa muda wake umeisha, vyuo vikongwe vikiwamo. Waliokuwa wanaomba masomo nje wakapata taabu kueleza. Chuo kuwa cha serikali hakukufanyi usiangalie.

Na kwa anayeishi mpakani: ukisoma vizuri, soko lako si Busia Uganda tu. Makampuni ya mizigo yako upande wetu pia, na barabara hii ya mpakani inabeba mizigo hadi Kigali na Juba.

Karani wa Takwimu, Kampala

Niongeze kuhusu alama. Kwenye CGPA, wastani wa alama zako zote, ambao kilele chake ni 5, daraja la kwanza linaanzia 4.40, daraja la pili la juu 3.60. Matangazo mengi mazuri yanataka hilo la pili la juu angalau. Mwaka wa kwanza ndio unaobeba au kuzamisha, kwa sababu watu wako kwenye sherehe. Ukiingia mwaka wa pili na 3.1, kupanda hadi 3.6 ni kazi ya punda.

Na likizo ya mwaka wa pili, ya mafunzo kazini, usikubali kupelekwa sehemu ya kuchemsha chai na kupanga mafaili. Wewe una mjomba wakala. Mwambie akutafutie sehemu wanakoandika takwimu za mizigo, hata kama hawakulipi nauli.

Mhasibu wa Nakawa

Nakubali, na mimi nimelainika kidogo. Kama binti ana hamu ya kweli ya lile swali la njia za panya, B.Com itamchosha. Nilidhani ni wale wanaochagua uchumi kwa sababu neno linasikika kubwa. Lakini CPA siiachii. Shahada ya uchumi haitakupa msamaha wa mitihani mingi, kwa hiyo kila muhula uchague angalau somo moja la uhasibu kama nafasi ya kuchagua ipo.

Mama Mitumba, Busia

Mimi sikusoma, nasomewa huu uzi na binti yangu. Hao akina mama wa magunia ni sisi. Kuna siku nilikwenda kwenye hicho kituo na karatasi yangu, ofisa akaniuliza kwa Kiingereza, nikaona aibu mbele za watu nikatoka. Kijana wa baiskeli ananisalimia kwa jina. Ukienda huko chuo ukaandike na hilo.

Binti wa Sofia, Busia

Mama, nimekusikia, na nitakuja sokoni unieleze vizuri, nikubebee hata mzigo.

Nimekaa na mjomba na mama jana jioni. Tumekubaliana hivi. Chaguo la kwanza ni kozi ya uchumi yenye hesabu na takwimu kila mwaka, jina lake lolote, mradi limo kwenye matangazo ya kazi na ithibati iko hai. La pili ni uchumi wa biashara, kama orodha ya masomo itanyooka. La tatu B.Com, nipate pa kusimama. Ualimu wa hesabu mama ameuweka la nne, na amesema anaujaza kwa mkono wake. Nikipata Kampala bila ufadhili, tunaangalia kwanza Mbale, kwa sababu shangazi yupo Namakwekwe na ana chumba. Baba mdogo hajasema kitu, ila ameuliza kalkulasi ni nini.

Swali la mwisho: kuna miezi kadhaa kabla vyuo havijafunguliwa Agosti. Nifanye nini na C yangu?

Karani wa Takwimu, Kampala

Rudia kutofautisha (differentiation) na matriki kwenye kitabu chako cha S.6, mada hizo mbili tu, kila siku kidogo. Halafu mjomba ana kompyuta? Chukua karatasi zake za mizigo za mwaka mmoja, ziingize kwenye Excel: tarehe, bidhaa, uzito, thamani, muda aliosubiri. Majina ya wateja yaache. Ukifika chuoni tayari una data ambayo hata mhadhiri wako hana.

Mzee wa Bombo

Na fomu ukishaijaza, ipige picha kabla hujaituma. Matokeo ya udahili yakitoka rudi hapa utuambie.